Mjadala: Baiskeli ya kwenda kazini Dodoma, tuanze sasa au tusubiri njia zijengwe?

Mtoa mada, Nkuhungu

Wakuu, mbukwa.

Wiki iliyopita kwenye kikao cha mtaa watu walilalamikia nauli, nikasimama nikasema wenye safari fupi wafikirie baiskeli. Mzazi mmoja akanijibu kwamba kumshauri mtu apande baiskeli Dodoma kabla njia za baiskeli hazijajengwa ni kumpeleka machinjioni. Akapigiwa makofi. Neno lile limenikaa, na nalileta kwenu kwa sababu naamini amekosea, ingawa si kwa yote.

Msimamo wangu ni huu: kwa safari za ndani ya mji, zile za kilomita 6 au 7 kushuka chini, tuanze sasa, kwa baiskeli iliyochaguliwa na kufungwa vifaa kulingana na barabara tulizonazo. Njia tuzidai huku tunapanda. Anayechora barabara akija kuangalia nani anapita, asipokuta baiskeli hata moja, atachora ya magari tu, na hapo tutamlaumu vipi?

Tena wazo hili si geni kwa mji huu. Mpango kabambe wa mwaka 1976, uliochorwa na Project Planning Associates ya Toronto baada ya uamuzi wa 1973 wa kuhamishia makao makuu Dodoma, ulitaka mji wa watu kutembea kwa miguu, kupanda baiskeli na kutumia mabasi. Tulichojenga baadaye ni kingine, lakini asiniambie mtu kwamba baiskeli Dodoma ni ndoto ya juzi.

Hesabu yangu mwenyewe. Nauli ya daladala kwa safari isiyozidi kilomita 10 ilipanda Desemba 2023 kutoka shilingi 500 hadi 600. Kwenda na kurudi 1,200, kwa siku 22 za kazi ni 26,400. Baiskeli yangu ni ya Kijapani iliyotumika, niliipata kwa 180,000, nikaongeza 45,000 ya tairi za mbele na nyuma, taa na mkono wa fundi. Kufikia mwezi wa tisa tangu niinunue, ilikuwa imejilipa. Asubuhi upepo wa mashariki unanipiga usoni, jioni unanisukuma mgongoni mpaka nyumbani. Nafika kazini na vumbi kwenye viatu, hilo sikatai, nina kitambaa na shati la pili kwenye begi.

Karibuni, nipingeni kwa hoja.

Mchangiaji, Ihumwa

Mkuu, hesabu yako ya nauli ni nzuri, ila hujaweka gharama ya mguu uliovunjika. Sisi wengine kazi iko Mji wa Serikali, Mtumba. Kutoka katikati ya mji ni kama kilomita 17, kwenye barabara ya Dar es Salaam, na malori ya kwenda bara yanapita humohumo. Asubuhi unaelekea mashariki, jua liko machoni. Jioni unarudi magharibi, jua liko machoni tena. Dereva anayekuja nyuma yako naye jua hilohilo liko machoni mwake. Hapo kengele na taa vitakusaidia nini?

Na usiseme bega la barabara lipo. Lipo, lakini bodaboda wanalitumia kukatiza, tena wengine wanakuja uso kwa uso na wewe. Mimi nina watoto watatu. Sitapanda, na sitamwambia mtu apande, mpaka nione ukingo wa zege kati yangu na lori.

Mzee, Kikuyu

Vijana, salamu kwenu. Nimesoma mpaka hapa nikashangaa tunabishana kana kwamba baiskeli imeingia Dodoma mwaka jana. Mimi nilianza na Swala, iliyokuwa ikiundwa Dar es Salaam na kiwanda cha NABICO, nikaja Phoenix, na hiyo Phoenix ninayo hadi leo. Imebeba madumu manne ya maji ya lita 20, imebeba mtama, imempeleka mama watoto hospitali usiku. Fundi yeyote kijijini anaijua. Breki zake ni za vyuma, hakuna waya wa kukatika. Hayo ya Kijapani yenye vikapu ni mapambo. Mtu anayetaka chombo cha kazi anunue Phoenix mpya dukani, apewe risiti, amalize.

Fundi, Majengo

Shikamoo mzee. Phoenix ni chuma, hakuna ubishi, na kwa mzigo mzito hata mimi nakushauri hiyo. Lakini ina kilo kama 20 tupu, na breki zile zikishika rimu ya chuma iliyolowa, utaenda mita kadhaa kabla haijasikia. Kwa mtu wa ofisi asiyebeba madumu, namwambia achukue Kijapani. Ukibahatika utapata yenye gia 3 zilizofichwa ndani ya haba, yaani kitovu cha gurudumu la nyuma, mchanga hauzifikii kirahisi. Hizi mpya za bei rahisi zenye gia 18 na springi mbele na nyuma, zinazovutia vijana, zinakuja kwangu kila siku: mkono wa gia umepinda, cheni imeingia kwenye spoki. Springi yenyewe inakula nguvu za mguu bure.

Sasa nawaambia mnavyoikagua, maana watu wananunua rangi. Pindua baiskeli, zungusha gurudumu, weka sikio. Gololi nzima zinavuma laini, zilizokwisha zinasaga kama kokoto. Simamisha, shika breki ya mbele, sukuma mbele na nyuma: ukisikia kugonga shingoni, kuna kazi pale. Shika pedeli uivute pembeni, isicheze. Angalia meno ya sproketi, yakichongoka kama meno ya papa basi cheni na meno vyote vinabadilishwa pamoja. Pitisha kidole chini ya fremu, pale kwenye pedeli, utafute ufa au weldi iliyofunikwa kwa rangi. Na mdai muuzaji risiti au maandishi ya mauziano yenye namba ya fremu. Baiskeli za wizi zipo.

Jingine linalowapotezea watu hela ni saizi ya tairi. "Inchi 26" si saizi moja. Kijapani inayoandikwa 26 × 1 3/8 rimu yake ni milimita 590. Ile ya milimani inayoandikwa 26 × 2.10 ni milimita 559. Haziingiliani hata ukipiga nyundo. Phoenix ya 28 × 1 1/2 ni 635. Soma maandishi ubavuni mwa tairi kabla hujaenda dukani.

Dada wa Makulu

Mimi naunga mkono mtoa mada, ila mmesahau nusu ya watu. Fremu yenye bomba la juu haifai kwa mwenye sketi au gauni. Ya Kijapani bomba limeshuka, mnyororo una kifuniko, na nguo hainaswi. Kaka zangu wengine bado wanaiita "ya kike" kwa kudharau, lakini ndiyo baiskeli pekee ambayo mimi, mume wangu na mama yake tunaitumia sote. Tunachobadilisha ni urefu wa kiti tu: kisigino kikiwa kwenye pedeli iliyo chini kabisa, mguu uwe umenyooka. Wengi mnaendesha kiti kikiwa chini mno, halafu mnasema magoti yanauma.

Kinachoniudhi mimi ni pa kuiweka. Mwaka jana nilikwenda kufuata kibali kwenye ofisi moja ya umma hapa mjini. Mlinzi akaniambia baiskeli haziingii. Nikamwuliza niifungie wapi, akaninyoshea mkono ng'ambo ya barabara, kwenye nguzo ya umeme. Wakati huo geti lilifunguliwa mara tatu kwa magari ambayo hakuyauliza kitu. Nilisimama foleni ndani nikiwa na moyo juu, kila dakika nachungulia dirishani. Watu wanaambiwa wasubiri njia za mabilioni, wakati vyuma vitano vya kufungia baiskeli ndani ya geti vingetosha kuanzia.

Halafu mtoa mada, pancha je? Hukuzitaja kabisa, na hii ni Dodoma.

Mtoa mada, Nkuhungu

Asante dada, umenishika pazuri. Pancha karibu zinikatishe tamaa. Mwezi wangu wa kwanza wa kuipanda nilipata tano. Ya tano nilikaa kwenye gogo chini ya mwarobaini nikimtazama fundi. Alitoa tyubu, akaijaza upepo, akaizamisha kwenye karai la maji na kuizungusha polepole mpaka vipovu vikatoka. Nikadhani anaweka kiraka tunaondoka. Akaniambia niingize mkono ndani ya tairi nipapase. Nilichomwa kidole papo hapo. Mbigili mbili zilikuwa zimezama kwenye mpira, ncha zimetokeza ndani kidogo kama ncha ya sindano, na ndizo zilizokuwa zikinitoboa upya kila nikitoka kwake. Akazing'oa kwa koleo, akachana tyubu chakavu kwa urefu na kuilaza kati ya tairi na tyubu mpya. Tangu siku hiyo nimepata pancha mbili kwa mwaka mzima, zote za miba mirefu ya migunga nilipokatiza korongoni. Kwa hiyo kabla ya taa, kabla ya kikapu, nunueni tairi nzito, wekeni ule mkanda, na bebeni pampu, viraka na gundi. Upepo mkague kila Jumatatu.

Vingine naharakisha. Taa nyekundu nyuma na nyeupe mbele, maana jua linazama kati ya saa 12 na nusu na saa 1 jioni na giza halichelewi. Kizibao cha kung'aa. Kofia ngumu. Madigadi, maana kuanzia Desemba hadi Aprili tope ni lako. Chupa ya maji. Kufuli la mnyororo mnene, lipite kwenye fremu na gurudumu. Kikapu cha mbele nilikidharau, sasa sikitoi: Jumamosi natoka na familia kwenda upande wa mashamba ya zabibu, na msimu ukiwa mzuri kikapu hakirudi kitupu.

Mzee wangu wa Kikuyu, shikamoo. Kwa madumu manne umenishinda, nakubali.

Ndugu wa Ihumwa, wewe nakujibu kwa uzito. Safari yako ya Mtumba umeniambia kweli na nimebadilika: sitamshauri mtu aipande leo kwenye ile barabara kuu. Hapo njia iliyotengwa kwa ukingo lazima ije kwanza, na ni TANROADS, wakala wa barabara kuu, wa kuulizwa. Lakini barabara yako isiwe kipimo cha mji mzima. Kati ya Nkuhungu na Chang'ombe, Area C na Majengo, Makulu na Kikuyu, kuna barabara za mitaa ambako gari likikimbia sana linazuiwa na mashimo yenyewe. Hizo ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, na tunachohitaji huko ni kidogo: mchanga ukwanguliwe baada ya mvua, mitaro ifunikwe kwenye vivuko. Mimi njia yangu ya kazini ina mita kama 600 tu za barabara kubwa, na hizo nashuka, nakokota pembeni. Inaniongezea dakika saba.

Mzazi yule wa kikaoni, nimekuja kujua kijana wake anatembea kilomita 3 kwenda sekondari, mitaa mitupu mwanzo hadi mwisho. Nimemwomba Jumamosi twende pamoja kwa fundi Majengo, aweke sikio mwenyewe kwenye gololi. Amesema atafikiria. Nitawaambia kama amekuja.