Jina, nembo, au vyote pamoja: nipeleke ombi lipi la alama ya biashara?

Mfungashaji, Kisumu
Hamjambo wanajukwaa. Ninafungasha omena (dagaa wa ziwani) waliokaushwa, na mwaka huu nimeongeza unga wa wimbi. Pakiti zote zina mchoro wa mtumbwi wenye tanga, na zile za omena zimeandikwa "Omena Safi Kisumu", jina nililokwisha kulisajili kama jina la biashara kupitia eCitizen, mtandao wa huduma za serikali. Fedha nilizo nazo zinatosha ombi moja tu KIPI, taasisi inayosajili alama za biashara Kenya. Je, niombe maneno, mchoro, au vyote pamoja?

Wakili, Nakuru
Ndugu, jina la biashara halikupi haki ya alama ya biashara. Hizo ni sajili mbili tofauti. Kwa kawaida ningekushauri uombe maneno peke yake kwa herufi za kawaida, kwa kuwa usajili huo hulinda jina hata ukibadilisha nembo. Kwa jina hili siwezi. Omena ndiyo bidhaa yenyewe, safi ni sifa yake, na Kisumu ni mahali, nayo Sheria ya Alama za Biashara, Sura ya 506, haimruhusu mtu mmoja kujitwalia maneno ya namna hiyo ambayo kila muuzaji wa samaki wa Dunga, ufuo wa Kisumu, anayahitaji. Ukiyaunganisha na mchoro ombi linaweza kupita, ila huenda ukatakiwa kukiri kwamba huna haki ya pekee juu ya maneno hayo, na mshindani atachora samaki wake na kuendelea kuandika "Omena Safi". Omba mchoro, tena kwa nyeusi na nyeupe, ili ulinzi usifungwe na rangi.

Msindikaji wa karanga, Busia
Nakubaliana na wakili, lakini fanya upekuzi kwanza, yaani uangalie kama alama inayofanana imekwisha kusajiliwa, kwa maana mitumbwi ya tanga ni mingi katika bidhaa za huku ziwani. Kumbuka pia kwamba bidhaa hupangwa kwa makundi katika usajili, samaki waliokaushwa wako kundi la 29 na unga kundi la 30, na ada huongezeka kwa kila kundi. Ukivuka kuuza Uganda, usajili wa Kenya haukulindi. Ombi la huko hupelekwa Kampala.

Mfungashaji, Kisumu
Ahsanteni sana. Je, nikibuni jina jipya kabisa?

Wakili, Nakuru
Hapo jibu langu linabadilika: omba jina hilo peke yake, uanze na kundi la 29 linalokulisha. Likikubaliwa litatangazwa katika jarida la KIPI, na wenye pingamizi wana siku 60. Usajili hudumu miaka 10 tangu tarehe ya ombi, kisha unauhuisha. Usichapishe pakiti mpya kabla ya kupata majibu ya upekuzi.