Naomba ushauri: ngiri ya mzee wa miaka 81, apasuliwe kwa matundu au kwa mkato?

Mwana wa Mkomani
Assalaam alaykum ndugu zangu. Baba yangu ana miaka 81 na tunaishi naye hapa Lamu. Ana ngiri ya kinena upande wa kulia, ambayo miaka mitatu iliyopita ilikuwa kama ndimu na sasa imefikia embe. Mchana akisimama inashuka, na usiku akilala inarudi yenyewe. Daktari wa hapa alisema kwamba ikibidi apasuliwe, basi iwe kwa mkato wa kawaida. Mimi nimeulizia hospitali moja ya binafsi Mombasa, nikaelezwa kwamba wanapasua kwa matundu matatu madogo na kamera, wanaweka wavu wa kuzibia palipolegea, na mgonjwa anarudia shughuli zake mapema kuliko aliyechanwa. Je, kwa mzee wa umri huo, njia ya matundu siyo nyepesi zaidi? Afya yake ni nzuri, ni uzee tu. Naomba mliopitia jambo hili mnijibu, kwa kuwa silali.

Nahodha Mstaafu
Wa alaykum salaam, mwanangu. Kwanza hakikisha si busha, kwa kuwa pwani yetu hii mbu wametuachia matende na mabusha, na wazee wengi huona haya kusema. Mimi nilibeba busha miaka kumi na moja nikivaa kikoi kipana, nikajitenga hata na baraza. Nilipopasuliwa, maji yakatoka, nikarudi kusali na wenzangu. Asiogope kisu.

Bi Siyu
Nahodha, kijana amesema inarudi akilala, na busha halirudi. Mimi nitasema la mama yangu. Uvimbe wake ulikuwa kama kokwa ya ukwaju, chini kidogo ya mkunjo wa paja, na kwa udogo wake tuliudharau. Usiku mmoja ukawa mgumu, akatapika hadi nyongo, na maji yalikuwa yametoka, boti haiwezi kupita mlango wa bahari wa Mkanda. Nilikaa naye ufukoni nikimshika kichwa hadi maji yakajaa. Walipomfungua, kipande cha utumbo kilikuwa kimekufa. Alipona, alhamdulillahi, lakini nguvu zake hazikurudi. Mpeleke baba yako, mwanangu, kwa njia yoyote ile.

Muuguzi wa Zamu
Pole sana, Bi Siyu. Ngiri ya paja, ambayo huwapata zaidi wanawake, kweli haingoji. Ya kinena kwa mwanamume ni habari nyingine: utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2006, kwa wanaume wenye ngiri isiyowasumbua sana, ulionyesha kwamba waliopatwa na dharura ya ngiri kunasa isirudi walikuwa chini ya wawili kwa kila 1,000 kwa mwaka. Kwa hiyo nafasi ya kufikiri ipo. Lakini kabla sijajibu la matundu, niambie: baba yako analalia mito mingapi? Akipanda ngazi za nyumba yenu anapumzika mara ngapi? Anameza dawa gani, na amewahi kupasuliwa chini ya kitovu?

Mwana wa Mkomani
Analalia mito mitatu. Mwaka jana alilazwa kwa ajili ya moyo. Miguu ilivimba, na pumzi zilikuwa kama za mtu aliyetoka kupiga kasia. Anameza dawa ya kupunguza maji mwilini na ya kuzuia damu kuganda. Tezi dume alipasuliwa zamani, kwa mkato. Sikuyataja kwa kuwa niliuliza habari ya ngiri, na moyo sasa umetulia. Isitoshe, hospitali ile nimeshaipa arubuni, na ndugu zangu wamechanga. Kwa nini nimpe baba yangu kidonda kikubwa wakati kidogo kipo?

Mkongwe wa Langoni
Na baba mwenyewe anasemaje? Katika maneno yako yote sijaona mahali alipoulizwa. Wazazi wetu wakizeeka tunawabeba kama mizigo ya jahazi, tunakubaliana bandarini, na mwenye mwili anaambiwa mwisho.

Mdadisi wa Malindi
Mimi sikiamini kisa hiki. Mzee ameanza akiwa mzima, mara ana moyo, mara ana dawa ya damu, mara tezi dume. Kila kinachoulizwa kinapatikana. Na katikati inasifiwa hospitali ya binafsi yenye kamera. Ama kimetungwa, ama huyu ni dalali anayetafuta wagonjwa.

Mwana wa Mkomani
Bwana Mdadisi, sijaitaja hospitali hiyo kwa jina, na sitaitaja. Nikuelezee nilichokiona leo alfajiri. Baba anasalia kitini siku hizi. Alipotaka kuinuka alishika kinena kwa kiganja cha kulia, akasukuma polepole kwa vidole vilivyonyooka hadi nikasikia utumbo ukinguruma na kuingia ndani, akasema Bismillahi, ndipo akasimama. Punda hapandi tena, kwa kuwa soji linamgusa pale pale. Mambo ya moyo niliyaficha kwa sababu niliogopa mtaniambia niache, nami siwezi kumtazama hivi kila alfajiri.

Muuguzi wa Zamu
Mimi ninakuamini, na sikuambii uache. Ni kweli kwamba matundu huacha maumivu machache kwa mtu mwenye moyo na mapafu mazima. Lakini ili kamera ione, nafasi ya ndani hujazwa hewa ya kaboni dioksidi, mgonjwa hulazwa chali, mara nyingi kichwa kikiwa chini kidogo, na kwa kawaida hulazwa kwa nusukaputi. Hewa ile huweza kusukuma juu kiwambo, ule msuli ulio chini ya mapafu, na kubana mapafu, na moyo ukaongezewa kazi. Anayehitaji mito mitatu huenda asiimudu. Kovu la tezi dume nalo hufanya nyama za ndani zishikane, njia ya kamera ikawa ngumu. Mkato wa kinena unaweza kufanywa kwa ganzi ya mahali pale tu, akiwa macho, mgongo umeinuliwa, na wavu huwekwa vilevile. Nadhani ndiyo sababu daktari wa hapo alisema alivyosema. Muulize yeye na daktari wa usingizi, na usiisimamishe dawa ya damu kwa uamuzi wako. Wakati huohuo choo chake kiwe laini, na ngiri ikiwa ngumu, ikauma na kukataa kurudi, au akitapika, msingoje asubuhi.

Mwana wa Mkomani
Nimemsomea baba majibu yote. Amesema anachokiogopa ni kulazwa chali, kwa kuwa tangu mwaka jana akilala hivyo anahisi anazama, na hakuniambia kwa sababu aliniona nimeshatoa fedha. Daktari wa hapa atatuona Jumatatu, na arubuni nimeandika kuomba nirudishiwe. Baba amesema mito yake mitatu tutaichukua.