Nguo za Krismasi: Rock City, Makoroboi au Mlango Mmoja?

Baba Kulwa: Wadau, mwangaluka. Sikukuu ndiyo hiyo inabisha hodi, na mwaka huu mama watoto kanitwisha mimi nguo na viatu vya watoto, yeye kabaki na jiko. Hapa Mwanza nasitasita kati ya Rock City Mall, Makoroboi pale mjini na Mlango Mmoja kwenye mitumba. Wapi nitapata vitu vya maana bila kuumia? Naenda Jumamosi hii.

Ngosha wa Mkuyuni: Bajeti? Watoto wangapi? Umri? Unakaa wapi? Umeuliza kama mtu anayempigia fundi simu, "nijengee nyumba", halafu anakata.

Binti Kirumba: Rock City, funga mjadala. Bei imebandikwa, hakuna wa kukuvuta mkono "dada njoo, hii saizi yako kabisa". Watoto wakianza kulia unawanunulia aiskrimu wanatulia, unaendelea kuchagua.

Mzee wa Belo: Mjadala ufungwe na nani? Hela ya suruali moja huko, mimi Mlango Mmoja namvalisha mtoto kuanzia kofia mpaka soksi. Siri ni kumjua muuzaji na siku anayofungua belo. Uwe pale saa moja asubuhi, jinzi za watoto bado zina mikunjo ya robota. Igeuze ndani nje, kagua mshono wa katikati ya miguu, pandisha zipu mara tatu, vuta kiunoni uone lastiki kama inarudi. Ukijikokota mpaka saa sita utakuta wenye macho wameshapita.

Binti Kirumba: Krismasi mtoto avae mtumba?

Mzee wa Belo: Ukiufua ukaupiga pasi, nani atajua? Wewe utaenda kumchungulia mtoto lebo kanisani?

Baba Kulwa: Bajeti ni ya kawaida tu wakuu. Watoto bado wadogo.

Ngosha wa Mkuyuni: Kawaida ya nani? Kuna wa elfu hamsini na kuna wa laki tano. Halafu wewe ni Baba Kulwa. Kulwa akiwepo, Doto hayuko mbali. Mbona unatuficha mapacha?

Baba Kulwa: Hahaha, nimekamatwa. Kulwa wa kike, Doto wa kiume, miaka 6. Na Shija, mdogo wao, ana mitatu. Tuko Buhongwa. Laki mbili, viatu humo humo. Mama yao anataka mapacha wafanane.

Ngosha wa Mkuyuni: Sasa ndiyo unaongea! Hapo Mzee wa Belo umetoka mchezoni, belo halikupi vitu viwili vya sare. Kutoka Buhongwa unapita Nyegezi, Mkuyuni, Igogo, unaingia mjini. Shuka hapo, Makoroboi pako mlangoni. Rock City mpaka uuvuke mji wote, na watoto watatu na mifuko. Nauli hiyo ni soksi.

Fundi Charahani: Anunue kitambaa kimoja, gauni na shati vitoke humo. Sare imepatikana.

Ngosha wa Mkuyuni: Fundi gani wa Desemba? Atakukabidhi tarehe 26, shati lina pini kwenye kola.

Fundi Charahani: Hapo sina jibu.

Shangazi Bwiru: Baba Kulwa, popote utakapokwenda, usinunue viatu tarehe 24 jioni. Nakusimulia yaliyonikuta. Niliingia duka moja la mjini, jina silitaji, la vioo na taa kali, watu wamejaa mpaka mlangoni. Mwanangu alikuwa na miaka saba. Nikachukua viatu vyeusi vya kamba, akajaribu kimoja, kikamkaa. Kijana wa dukani akaniambia bila risiti ananipunguzia elfu tatu. Nikaona nimepata. Nikarusha hela kwa lipa namba, boksi likafungwa, tukaondoka. Asubuhi ya Krismasi tunavaa, cha kushoto kinaingia vizuri, cha kulia kinapwaya. Nikageuza soli: kimoja 31, kingine 33! Misa ya kwanza imeshapigiwa kengele. Nikachana mto wa kochi, nikachomoa sponji, nikajaza kwenye kidole gumba. Mtoto akaenda kanisani anatembea kama bata, na kila akipiga magoti kiatu kinabaki nyuma. Tarehe 25 wamefunga, 26 wamefunga. Tarehe 27 niko mlangoni, yule kijana ananiuliza, "Risiti iko wapi mama?" Huku anayeuliza ndiye aliyeninyima! Akanionyesha karatasi ukutani, bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Siku ile ya tarehe 24 sikuiona, au ilifunikwa na watu.

Mhasibu wa Pasiansi: Pole shangazi. Lakini elfu tatu ile hakukupunguzia kutoka mfukoni mwake. Kama duka limesajiliwa VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, kodi hiyo imo ndani ya bei unayolipa. Asipotoa risiti ya EFD, ile mashine ya kodi, kodi yako inabaki kwake, na wewe huna cha kushika ukirudi.

Shangazi Bwiru: Nilijua lazima mtu aje na mahesabu. Ujumbe wa muamala nilikuwa nao kwenye simu, akasema hauonyeshi nilinunua nini. Nikakosa la kusema.

Mzee wa Belo: Lakini duka lilikuwa la vioo, eeh?

Binti Kirumba: Usianze.

Mhasibu wa Pasiansi: Kidogo tu, mtoa mada asichanganyikiwe: Rock City haipo Jiji la Mwanza, ipo Manispaa ya Ilemela. Tangu 2012 hizo ni halmashauri mbili.

Ngosha wa Mkuyuni: Na hiyo inampunguzia bei ya viatu?

Msengerema Halisi: Mimi naunga mkono mjini. Soko Kuu lililojengwa upya nalo mmelisahau, ukimaliza nguo unapata nyanya na vitunguu. Zamani kuja Krismasi Mwanza ulikuwa mtihani, unapanga foleni ya feri Busisi mpaka kuku kwenye tenga wanasinzia. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, naingia Kigongo, Usagara, Buhongwa, chai ya chupa bado ya moto.

Shangazi Bwiru: Kilomita 3 juu ya maji. Mara ya kwanza nilifumba macho.

Msengerema Halisi: Ukifumba macho unakosa ziwa lote, shangazi.

Fundi Charahani: Na wauza samaki wa kivukoni siku hizi wanamuuzia nani?

Msengerema Halisi: Wengine wamesogea barabarani. Ila sato wa sikukuu mimi nafuata Mwaloni alfajiri. Funua shavu, matamvua yawe mekundu. Yakiwa ya kahawia, mwachie mwenyewe.

Binti Kirumba: Sato wa kukaanga au wa kuchoma?

Mzee wa Belo: Wa kuchoma, na ugali wa muhogo.

Baba Kulwa: Jamani, mimi nimeuliza viatu.

Ngosha wa Mkuyuni: Namba za miguu unazijua?

Baba Kulwa: Ngoja nimpigie mama yao.