Mjadala: Utafiti wa afya ya akili ya vijana Bagamoyo, nani achague maswali?

Mtoa mada, Dunda
Wadau, salaam. Kwa utafiti Bagamoyo si wageni. Mwaka 2009 awamu ya tatu ya majaribio ya chanjo ya malaria ya RTS,S ilianzia hapa hapa, na 2021 Shirika la Afya Duniani likaipitisha kwa watoto. Mbu tumemhangaikia vya kutosha. Sasa yule kijana wa bodaboda anayekaa kijiweni siku tatu haongei na mtu, nani anamtafiti?

Naomba maswali yachaguliwe na vijana wenyewe kabla hela haijatoka. Uingereza utaratibu huo upo tangu 2004, unaitwa James Lind Alliance: wagonjwa, wanaowauguza na matabibu wanakaa pamoja, wanachekecha maswali mpaka yanabaki kumi. Mtafiti asiyetibu hapigi kura.

Muuguzi mstaafu, Magomeni
Nakupinga, mwanangu. Kijana atakwambia shida yake ajira, na ajira haitolewi dirisha la dawa. Nilikokuwa nafanya kazi, dawa za sonona, ule ugonjwa wa huzuni isiyoisha, zilikuwa zinaisha mwezi haujafika nusu. Hospitali ya magonjwa ya akili, Mirembe, iko Dodoma, na jina lenyewe limeshageuzwa tusi. Nani atatibu? Hilo ndilo swali, mengine anasa.

Mtoa mada
Shikamoo mama. Dawa kuisha ni jambo la bajeti. Tukilipeleka kwa watafiti tutaletewa ripoti badala ya vidonge.

Mwalimu wa sekondari
Mimi shida yangu lugha. Kuna dodoso la kupima sonona linatumika sana, maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita. Mwanafunzi wangu ukimuuliza habari za sonona anacheka. Muulize "una mawazo?" uone anavyovuta kiti. Mwingine "nimevurugwa". Mwingine bibi yake kashamaliza kesi: ana jini, apelekwe kwa shehe akasomewe. Hao unawaandika safu gani? Na mtafiti aanzie huko kwa shehe, maana ndiko foleni iliko.

Binti wa miaka 19
Shikamooni. Mnazunguka tu. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinasema kujaribu kujiua ni kosa. Rafiki yangu aliokolewa, lakini kwao mpaka leo wanasema aliteleza bafuni. Mtu akija na karatasi akamuuliza kama aliwahi kujaribu, ajibu ndiyo ili iweje? Kenya, Januari 2025, Mahakama Kuu ilitamka kuwa kifungu chao kama hicho kinakiuka katiba. Sisi hapa, kabla ya kuhesabu wagonjwa, nataka ijulikane wangapi wamefunga mdomo kwa kuogopa polisi.

Muuguzi mstaafu
Binti yangu, hilo la kuteleza bafuni nimeliandika daftarini kwa mkono wangu, tena si mara moja. Tulikuwa tunajua. Dawa bado nazidai, ila swali lako liwe la kwanza.

Mwalimu wa sekondari
La pili. Huyo anayeogopa polisi utamuuliza kwa Kiswahili cha nani?