Mrejesho: ukuta unaobambuka na bustani iliyoungua kwa chumvi

Wakuu, nimerudi. Kwa waliosahau, niliuliza nifanyeje na nyumba iliyo karibu na bahari: rangi ya sebuleni inabambuka kila mara, na bustani inakauka upande mmoja.

Kumbe rangi haikuwa na kosa. Ukuta ni wa mawe na chokaa, ila mtu aliupiga lipu ya saruji, unyevu ukakosa pa kutokea. Fundi aliibandua yote, akarudishia lipu ya chokaa, juu tukapaka chokaa nyeupe. Ukipitisha kiganja kinatoka na vumbi kidogo (nguo nyeusi, jihadharini!), lakini yale malengelenge hayapo tena.

Bawaba za madirisha sasa ni za chuma cha pua (stainless) namba 316, aina inayostahimili zaidi chumvi ya bahari. Zile za mwanzo, za namba 304, zilikuwa na madoa ya kahawia.

Nje, aliyesema nitangulize mivinje upande wa upepo, asante sana. Ilipofika kimo changu, bogenvilia nyuma yake ikachanua. Waridi nimeyaacha, kingo za majani ziliungua tena. Sasa tatizo ni nyasi: chini ya mivinje hazioti kabisa. Mwenye wazo?