Naomba ushauri: kijiji cha malezi ya yatima kitakachojitegemea
Ndugu zangu, habari za kazi. Mimi na wenzangu tunataka kuanzisha kijiji cha malezi ya yatima, si kituo cha mabweni. Kila nyumba iwe na mama mlezi na watoto wachache, ndugu wa tumbo moja wasitenganishwe, kama vijiji vya kulelea watoto vya shirika la SOS vilivyoanzia Austria mwaka 1949.

Kinachoniumiza kichwa ni kujitegemea. Wafadhili huchoka, na haiwezekani mtoto alale njaa kwa sababu ufadhili umekwisha. Tumefikiria kuku wa mayai, bustani na mashine ya kusaga. Lakini kuku wanataka chakula kila siku, na ugonjwa wa kideri ukiingia kuku wa banda zima wanateketea. Je, tuanze na mashine?

Halafu suala la kazi. Mtoto kumwagilia bustani akitoka shule, kwangu hayo ni malezi. Kumtegemea yeye ndiye azalishe, hapana kabisa. Mpaka mnauweka wapi?

Na ardhi iandikwe kwa jina la nani, ili warithi wa waanzilishi wasije wakawafukuza watoto? Waliowahi kulea au kulelewa hivyo, hasa ninyi, naomba mnishauri.