Naomba ushauri: historia ya mama yetu (miaka 89) kwa misa ya mwaka mmoja

Kitindamimba
Tumsifu Yesu Kristo. Mama yetu mpendwa alitutoka mwaka jana akiwa na miaka 89. Siku ya mazishi wasifu ulisomwa dakika tatu: alizaliwa, akaolewa, akajaliwa watoto tisa, akaugua, akafariki. Misa ya mwaka mmoja ni baada ya wiki saba. Tunataka historia yake iandikwe vizuri, isomwe kanisani na ibaki kwenye kijitabu. Kitambulisho kinasema 1938, shangazi anasema 1936. Alibatizwa parokia ya Kilema, Kilimanjaro. Tuanzie wapi?

Katekista Mstaafu
Milele na milele, Amina. Poleni sana wanafamilia. Kabla ya kuandika chochote, nendeni ofisi ya parokia mkaombe kitabu cha ubatizo. Bebeni jina lake la ubatizo, jina la baba yake mzazi na la kijiji. Msimtafute kwa jina la mume wala "Mama Fulani". Mle ndani yumo kama binti wa babu yenu. Majina yamefuata tarehe za ubatizo, si alfabeti, kwa hiyo ombeni yapekuliwe ya 1935 hadi 1939. Vitabu vya enzi hizo ni vya Kilatini: Yosefina ameandikwa Josephina, na jina la ukoo limeandikwa jinsi padre mmisionari alivyolisikia, basi lisomeni kwa sauti. Kama kuna cheti chake cha zamani, angalieni namba iliyo kando ya herufi LB (Liber Baptizatorum, yaani kitabu cha waliobatizwa). Hiyo ndiyo namba yake kitabuni, na itawaokoa nusu siku.

Mkishampata, msome na pembeni. Huandikwa hapo kipaimara na ndoa, hata ndoa iliyofungwa parokia nyingine, kwa sababu taarifa hurudishwa alikobatizwa mtu. Kama alibatizwa akiwa mchanga, aminini mwaka wa kitabu kuliko wa kitambulisho. Watu wengi wa rika lake walikisiwa umri ukubwani.

Halafu kuna makosa yanayojirudia. "Alibatizwa Jimbo la Moshi 1936" si sahihi. Wakati ule ilikuwa Vikarieti ya Kilimanjaro, yaani eneo la kimisioni ambalo halijawa jimbo, jimbo likaja 1953. WAWATA (Wanawake Wakatoliki Tanzania) ilianza 1972, kwa hiyo msiandike kwamba alijiunga 1965. Jumuiya ndogondogo nazo zilishika kasi miaka ya 1970.

Mama Jumuiya
Poleni wanangu. Tarehe peke yake hazimrudishi mama. Chukueni kitabu chake cha sala mkitazame ubavuni: kurasa alizozisali sana zimekuwa nyeusi kwa kidole gumba. Tikiseni pia, picha za watakatifu zitadondoka, na nyuma mara nyingi kuna tarehe ya komunyo ya kwanza ya mtoto au ya kifo cha jirani. Kisha waoneni wazee wawili watatu wa rika lake, asubuhi kabla hawajachoka. Msiwaulize "mama alikuwaje?", mtajibiwa "alikuwa mtu wa watu" na habari itaishia hapo. Ulizeni alikwenda na nani misa ya kwanza, walitoka nyumbani saa ngapi, alipika nini Krismasi, alijibuje misa ilipokuwa ya Kilatini.

Kitindamimba
Asante sana mama. Je, kanisani isomwe wakati gani? Na misa ikiangukia Jumapili?

Mwanaliturujia
Isisomwe mahali pa mahubiri. Isomwe kabla misa haijaanza, au baada ya sala iliyo baada ya komunyo. Paroko ndiye anaamua, mpelekeeni maandishi wiki moja kabla. Msomaji awe mmoja. Dakika tano ni kama maneno 500, na ugonjwa upewe sentensi moja. Misa ya wafu ya mwaka mmoja haiadhimishwi Jumapili, sherehe za amri (sikukuu ambazo waumini wanatakiwa kwenda misa), Jumatano ya Majivu wala Juma Kuu. Kwa familia Jumamosi ni nzuri zaidi. Andikisheni nia ya misa mapema.

Mchapaji
Kijitabu hukunjwa, kwa hiyo kurasa ziwe 4, 8 au 12. Mkileta 10, mbili zitabaki tupu. Karatasi mbili za A4 zinatoa kurasa 8, zinatosha. Picha za zamani skanini kwa 300 dpi. Kama ni simu, pigeni kivulini karibu na dirisha bila flashi, na kwenye WhatsApp tumeni kama faili. Ikitumwa kama picha inabanwa, na uso wa mama utatoka na ukungu. Nyuma ya picha andikeni kwa penseli nani ni nani leo hii, shangazi akiwa bado anawatambua.

Kitindamimba
Mungu awabariki. Kitabu cha sala tunacho. Ukurasa mweusi kuliko yote ni wa Litania ya Bikira Maria. Alhamisi tunakwenda Kilema na shangazi.